Cheni Huchaguliwa kwa Gurudumu Lake: Somo kwa Waendesha Pikipiki na Mafundi wa Mashewa

Katika vijiji vya Mashewa na kata jirani, pikipiki imekuwa sehemu ya huduma za jamii. Humfikisha mgonjwa kwenye zahanati, hupeleka mbegu na mbolea shambani, hurudi na gunia la mahindi, na mara nyingi ndiyo usafiri pekee unaopatikana usiku. Nguvu yote ya injini, kutoka kwenye gia hadi gurudumu la nyuma, hupita katika kifaa kimoja chembamba, nacho ni cheni. Cheni ikikatika mlimani, chombo hupoteza mvuto na kuanza kurudi nyuma pamoja na abiria wake. Ikijikunja mbele, huweza kupasua ganda la injini. Ikijisokota katika gurudumu la nyuma, gurudumu hujifunga ghafla na dereva huanguka bila kupata nafasi ya kujitetea.

Jambo hili lina upande wa uchumi pia. Kwa mujibu wa sheria, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Pikipiki ni miongoni mwa mitaji inayonunuliwa kwa mikopo ya aina hiyo. Chombo kinacholala kwa fundi hakirejeshi mkopo, na mkopo usiorejeshwa hupunguza fungu la kikundi kinachosubiri zamu yake.

Somo hili linahusu swali moja: cheni ya zamani inapokwisha, mpya ichaguliweje? Wengi huchagua kwa bei, kwa kung'aa kwake, au kwa kuilaza kando ya ile ya zamani dukani. Kanuni sahihi ni nyingine: cheni huchaguliwa kwa kutazama gurudumu la meno litakaloishika.

Kanuni inayotoka baharini

Kanuni hii haikuanza na pikipiki. Bandari yetu ya Tanga, kabla ya kuchimbwa kina na kupanuliwa katika miaka ya karibuni, ilipokea meli kubwa zilizolazimika kutia nanga mbali na gati, na mizigo ikaletwa ufukoni kwa matishari. Nanga ya meli huvutwa juu kwa winchi yenye gurudumu lililochongwa mifuko, na kila pete ya mnyororo hulala katika mfuko wake.

Mabaharia wa vyombo vidogo wanajua shida ya kununua mnyororo mpya kwa kutaja unene tu. Ipo minyororo miwili ya chuma chenye unene wa milimita 10, yote ikiwa ya viwango vinavyotambulika. Mmoja hutengenezwa kwa kiwango cha Ujerumani, na urefu wa ndani wa pete yake ni milimita 28. Mwingine hufuata kiwango cha kimataifa, na urefu huo ni milimita 30. Kwa macho inafanana. Lakini gurudumu lililochongwa kwa pete za milimita 28 haliwezi kuishika vyema ile ya milimita 30: pete hupanda juu ya ukingo wa mfuko, huruka, na mnyororo hukimbilia baharini pamoja na nanga. Kosa la milimita 2 katika kila pete huongezeka pete baada ya pete.

Cheni ya pikipiki ina umbo tofauti, lakini inatawaliwa na sheria ileile. Mifuko ya winchi hapa ni nafasi zilizo kati ya meno ya sproketi, na pete za mnyororo hapa ni viungo vyenye pini, bushi, rola na vibamba vya pembeni.

Vipimo vitatu vinavyolingana au visivyolingana

Sproketi huikubali cheni iwapo vipimo vitatu vinalingana. Cha kwanza ni umbali kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini inayofuata. Katika somo hili tutauita hatua. Cha pili ni upana wa ndani, yaani nafasi iliyo kati ya vibamba viwili vya ndani, ambamo jino huingia. Cha tatu ni unene wa rola, yaani kipenyo cha kile kigurudumu kidogo kinachokaa katika bonde la jino.

Watengenezaji hufupisha vipimo hivi kwa namba yenye tarakimu tatu iliyogongwa kwenye vibamba vya cheni na mara nyingi kwenye sproketi pia. Tarakimu ya kwanza huhesabu hatua kwa sehemu za nane za inchi. Namba ikianza na 4, hatua ni sehemu nne za nane, yaani nusu inchi au milimita 12.7. Ikianza na 5, hatua ni sehemu tano za nane, yaani milimita 15.875. Tarakimu mbili zinazofuata hueleza upana wa ndani. Linganisha aina hizi nne:

Cheni 420: hatua milimita 12.7, upana wa ndani milimita 6.35, rola milimita 7.77.

Cheni 428: hatua milimita 12.7, upana wa ndani milimita 7.94, rola milimita 8.51.

Cheni 520: hatua milimita 15.875, upana wa ndani milimita 6.35, rola milimita 10.16.

Cheni ya baiskeli ya kawaida isiyo na gia: hatua milimita 12.7, upana wa ndani milimita 3.2, rola milimita 7.75.

Msomaji ataona kwamba cheni ya 420, ya 428 na ya baiskeli zina hatua moja. Hata hivyo hakuna anayeweza kufunga cheni ya baiskeli kwenye pikipiki, kwa kuwa jino halitaingia. Kwa sababu hiyohiyo, cheni ya 420 haifai kwenye sproketi ya 428: jino la 428 ni nene kuliko nafasi ya milimita 6.35. Ukigeuza, cheni ya 428 juu ya sproketi ya 420 itaingia kwa urahisi, na hapo ndipo hatari ilipo. Itazunguka ikiyumba kushoto na kulia, italiguguna jino ubavuni, na siku ya mzigo mzito itatoka. Kuingia si kufaa.

Pikipiki nyingi za bodaboda zenye injini za ujazo kati ya 100 na 150 hutumia cheni ya 428. Hata hivyo usinunue kwa kukisia. Soma namba iliyogongwa kwenye cheni yako au kwenye kitabu cha chombo. Herufi H baada ya namba, kama katika 428H, huonyesha kwamba vibamba vya pembeni ni vinene zaidi. Hatua, upana wa ndani na rola havibadiliki, kwa hiyo sproketi ya 428 huikubali 428H. Hakikisha tu kwamba unene huo wa nje haugusi kava ya cheni wala ganda la injini. Kwa chombo kinachopanda kila siku njia za Kizara au Bungu, vibamba vinene ni chaguo la busara.

Hesabu viungo, usipime urefu

Baada ya namba ya aina, pakiti ya cheni huonyesha idadi ya viungo, kwa mfano 428H-118. Idadi hiyo hutofautiana kati ya chombo na chombo. Mazoea yaliyoenea ni kuilaza cheni mpya kando ya ya zamani na kuikata zinapolingana urefu. Hesabu ifuatayo inaonyesha kwa nini mazoea hayo yanapotosha.

Cheni mpya yenye viungo 118 ina urefu wa 118 mara milimita 12.7, ambao ni milimita 1,498.6. Cheni hiyohiyo ikichakaa hadi kikomo, kila kiungo huongezeka takriban robo ya milimita, na cheni nzima hurefuka kwa milimita 30 hivi, ikafikia 1,528 au zaidi. Cheni mpya yenye viungo 120 ina urefu wa milimita 1,524. Kwa hiyo anayelinganisha urefu huishia na viungo viwili vya ziada bila kujua, na cheni mpya huanza maisha yake ikiwa imelegea, huku sehemu ya nafasi ya kukazia nyuma ikiwa imekwisha kutumika.

Njia sahihi ni kuhesabu. Kibamba cha nje ni kiungo kimoja, na kibamba cha ndani ni kiungo kingine. Weka alama ya chaki pale unapoanzia, hesabu kimoja kimoja, na usisahau kiungo cha kufungia chenye klipu. Idadi kamili hugawanyika kwa mbili, kwa kuwa kibamba cha ndani hufuatwa na cha nje. Ukipata idadi isiyogawanyika, rudia hesabu.

Lakini kama cheni hiyo ilikwisha kupunguzwa viungo na mmiliki wa awali, hesabu yako itarithi kosa lake. Katika hali hiyo fuata kitabu cha chombo.

Kwa nini cheni hurefuka

Husemwa kwamba cheni imevutika, kana kwamba chuma kimenyooshwa kama mpira. Sivyo. Ndani ya kila kiungo, pini huzunguka ndani ya bushi kila cheni inapojikunja kwenye sproketi. Mafuta yakikosekana na vumbi likiingia, pini hulika na bushi hupanuka. Uwazi mdogo katika kila kiungo, ukijumlishwa, ndio unaoonekana kama urefu. Barabara itokayo Korogwe kupitia Magoma hadi Mashewa, na kuendelea kuelekea Bombo Mtoni, ina vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika na vuli. Vumbi likichanganyika na mafuta hufanya kazi ya msasa.

Uchakavu hupimwa kwa rula ya chuma au futi ya fundi. Zima injini, simamisha chombo kwa stendi ya kati, na uvute cheni ikae imenyooka. Anzia katikati ya pini yoyote, uiite ya kwanza, kisha hesabu hadi pini ya 21. Hapo una viungo 20. Katika cheni mpya ya 428, umbali huo ni milimita 254. Ukifika milimita 259, yaani ongezeko la asilimia 2, cheni imekwisha. Pima sehemu tatu au nne tofauti kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono, kwa kuwa cheni hailiki sawasawa mahali pote. Kipimo kinachoamua ni kile kirefu kuliko vyote.

Hapa ndipo dawa ya kupunguza kiungo inapoonekana udhaifu wake. Kuondoa viungo viwili hupunguza ulegevu, lakini viungo vilivyobaki bado vina hatua ndefu kuliko nafasi za meno. Badala ya rola kukaa bondeni, hupanda ubavuni mwa jino. Meno machache hubeba mzigo uliopaswa kugawanywa kwa mengi, na sproketi huharibika haraka. Kuunga kipande kipya katika cheni iliyochakaa ni kosa la namna hiyohiyo: ndani ya cheni moja mnakuwa na hatua mbili zisizopatana.

Sproketi mbili na cheni ni familia moja

Cheni iliyochakaa huchonga meno kwa umbo lake. Jino zima lina pande mbili zinazofanana. Jino lililochakaa limepinda upande mmoja mithili ya ndoano au pezi la papa, na bonde lake limepanuka. Ukifunga cheni mpya juu ya meno hayo, hatua yake sahihi itakutana na gurudumu lisilo sahihi, na uzima wake utakwisha mapema. Ndiyo maana maduka ya spea huuza seti: cheni, sproketi ndogo ya mbele na sproketi kubwa ya nyuma. Sproketi ndogo hulika zaidi kwa sababu meno yake machache hurudi kazini mara nyingi. Yenye meno 14 huzunguka mara tatu kwa kila mzunguko mmoja wa ile yenye meno 42.

Gharama ipimwe kwa mwezi badala ya kwa siku ya kununua. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, cheni peke yake ni shilingi 20,000 na seti nzima ni shilingi 40,000. Ikiwa cheni iliyofungwa juu ya meno mabovu itadumu miezi 3, kila mwezi umelipa takriban shilingi 6,667. Ikiwa seti itadumu miezi 10, kila mwezi umelipa shilingi 4,000. Kila msomaji aweke bei na miezi ya chombo chake mwenyewe katika hesabu hii, na kikundi kiiandike katika daftari lake la matengenezo.

Wapo wanaobadili idadi ya meno ili kupata nguvu ya kupanda. Kutoka meno 14 hadi 13 mbele, huku nyuma ikibaki 42, uwiano hupanda kutoka 3.00 hadi 3.23. Nguvu ya mvuto kwenye gurudumu huongezeka kwa takriban asilimia 8, na kasi kwa mzunguko uleule wa injini hupungua kwa asilimia 7 hivi. Huo ni uamuzi unaokubalika milimani, mradi sproketi mpya iwe ya namba ileile ya cheni na kasi ya kawaida barabarani ipunguzwe ili injini isichoshwe.

Kufunga na kukaza

Katika kiungo cha kufungia, klipu ina upande uliofumba na upande wenye mdomo. Upande uliofumba utangulie kule cheni inakokwenda. Katika sehemu ya juu, cheni huvutwa kuelekea injini. Kwa hiyo klipu ikiwa juu, upande uliofumba uelekee mbele na mdomo uelekee nyuma. Ikifungwa kinyume, kikwazo chochote huweza kuisukuma itoke.

Ulegevu hupimwa katikati ya sehemu ya chini ya cheni, kwa kuisukuma juu na chini kwa kidole. Kwa pikipiki nyingi za kazi, watengenezaji huagiza mchezo wa milimita 20 hadi 30; kitabu cha chombo chako ndicho chenye kauli ya mwisho. Zungusha gurudumu na utafute mahali cheni ilipokaza zaidi, kisha pimia hapo. Alama za pande mbili za ekseli zilingane, la sivyo gurudumu litakaa upande na cheni italika ubavuni.

Cheni isikazwe kupita kiasi kwa kudhani kwamba inapata nguvu. Abiria anapopanda na shokapu kushuka, umbali kati ya sproketi mbili hubadilika na cheni hukaza zaidi. Ikiwa haina mchezo, mzigo huhamia kwenye beringi na kwenye pini. Kupakia mishkaki huongeza shida hiyo maradufu, mbali ya kwamba ni kosa kisheria.

Mafuta na usafi

Cheni isafishwe kwa mafuta ya taa na brashi, kisha ifutwe na kukaushwa. Petroli isitumike, huwaka kwa urahisi, na katika cheni zenye pete za mpira huharibu pete hizo. Baadaye tia mafuta ya gia, yenye uzito wa 80 au 90, katika upande wa ndani wa sehemu ya chini, kati ya vibamba, ili mzunguko uyasukume kuelekea kwenye pini. Grisi nzito inayopakwa nje haifiki ndani. Kazi yake huwa ni kukusanya vumbi. Fanya hivyo kila baada ya kilomita 500 hivi, na mapema zaidi baada ya mvua au kuvuka mto.

Kazi zote hizi zifanyike injini ikiwa imezimwa na gurudumu likizungushwa kwa mkono. Kitambaa kikishikwa na cheni injini ikiwa inawaka, vidole hukifuata kabla mtu hajakiachia.

Maswali ya kujipima

1. Cheni ya 420 na ya 428 zina hatua moja. Kwa nini haziwezi kubadilishana?

2. Umepima viungo 20 vya cheni ya 428 ukapata milimita 257 mahali pamoja na milimita 260 mahali pengine. Utaamuaje?

3. Fundi anapendekeza kuondoa viungo viwili katika cheni iliyolegea ambayo imefikia kikomo. Utamjibu nini?

Majibu: (1) Upana wa ndani na unene wa rola ni tofauti. (2) Cheni imekwisha, kwa kuwa sehemu moja imepita 259. (3) Ulegevu utapungua, lakini hatua ndefu itabaki na kuharibu meno; ibadilishwe seti.

Kabla ya kwenda dukani, andika mambo manne kwenye karatasi na uihifadhi pamoja na kadi ya pikipiki: namba ya cheni, idadi ya viungo, meno ya mbele na meno ya nyuma. Mpe muuzaji karatasi hiyo, soma mwenyewe namba iliyogongwa kwenye kila kifaa anachokupa, na udai risiti. Kifaa kisicho na namba inayosomeka kirudishwe hapohapo, hata kama bei yake inavutia.